Jicho Nalo Hufundishwa

Bibi mmoja alifika ofisini kwetu hapa Dodoma saa nane mchana, ametokea upande wa Chamwino, vumbi limemjaa miguuni. Alifungua pindo la kanga akatoa kikaratasi cha miadi kilichokunjwa mara nne. Kimeandikwa 8:00. Kijana wa mapokezi alikuwa ameshaandika kwenye daftari, "Hakufika." Miadi ilikuwa ya saa mbili asubuhi.

Bibi hakuchelewa hata dakika moja. Kwa Kiswahili saa huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na sisi tulio takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, hesabu hiyo inashika vizuri kabisa. Karatasi ilifuata saa inayoanza usiku wa manane, bibi akafuata jua. Kilichoniuma ni lile neno daftarini, kwa sababu kwenye faili "hakufika" husomwa kama "hajali matibabu".

Katika kazi ya ushauri nasaha jambo hili hunirudia kila wiki. Tunadhani tunaona tabia ya mtu, kumbe tunaiona kupitia malezi yetu wenyewe.

Hata jicho lenyewe hufundishwa. Mwaka 1889 Mjerumani Franz Müller-Lyer alichora mistari miwili yenye urefu sawa: mmoja una vichwa vya mshale vinavyofunga ncha zake, mwingine una mikia inayofunguka kwenda nje. Wengi tunaapa kwamba huu wa pili ni mrefu zaidi. Mwaka 1966 watafiti Segall, Campbell na Herskovits walichapisha matokeo ya kuwaonyesha mchoro wa aina hiyo watu wa jamii nyingi, zikiwemo za Afrika. Wakazi wa Evanston, Marekani, walidanganyika sana. Wasan, jamii ya wawindaji wa jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, karibu hawakudanganyika kabisa. Watafiti walipendekeza kuwa anayekulia kwenye vyumba vyenye kona kali huzoea kusoma mistari kama kona. Maelezo hayo yanabishaniwa hadi leo, na mimi siyachukulii kuwa tofauti ya mjini na kijijini tu: tembe la Wagogo, lenye paa lake bapa la udongo, nalo lina kona.

Nenda mnada wa Msalato ukasimame karibu na mfugaji. Wewe unaona ng'ombe mwekundu. Yeye, kwa kutazama mara moja, ameshaona baka la shingoni, mkato wa sikio, pembe ilivyojikunja, na pengine mama yake ng'ombe huyo. Macho yenu ni ya aina moja. Aliyechunga tangu utotoni amefundishwa pa kutazama.

Sasa fikiria kijana anayehojiwa na mkubwa huku ameinamisha macho. Nyumbani kwao kumkazia mzee macho ni utovu wa adabu. Anayemhoji, aliyefundishwa kwamba mkweli hutazama usoni, anaandika kuwa kijana anaficha jambo. Tangu Serikali ihamishie shughuli zake hapa, kuanzia mwaka 2016, Dodoma imepokea watu wa kila mkoa, na makosa ya namna hii hutokea madarasani, kwenye usaili na hata baina ya wapangaji wa nyumba moja.

Kwa wagonjwa ndiyo naogopa zaidi. Wapo wasiosema kamwe "nina huzuni". Watasema kichwa kimejaa, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu. Ukipima malaria ukaikosa, usimrudishe nyumbani na dawa ya maumivu pekee. Muulize amelalaje, anakula vipi, nani amefariki nyumbani, mvua ilikuwaje shambani. Kisha nyamaza umsikilize.

Yule bibi tulimhudumia mchana uleule. Siku hizi karatasi zetu za miadi huandikwa kwa maneno, "saa mbili asubuhi", na anayeitoa humwomba mgeni aitaje saa hiyo kwa mdomo wake kabla hajaondoka.