Kichanga wa saa mbili na kipimo cha babu

Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari haikosi kile kipimo kidogo, na siku hizi kinaingia wodi ya wazazi pamoja na chupa ya uji. Shangazi mmoja hapa Wete kanionesha chake: mtoto ana saa mbili tangu azaliwe, sukari 2.3. "Daktari, babu yake ikishuka chini ya nne tunamkimbiza. Huyu mbona mmenyamaza?"

Tumenyamaza kwa kuwa mtoto katimiza miezi, uzito wake mzuri, mama hana kisukari, na muda huo alikuwa akivuta titi kwelikweli.

Tumboni, sukari ya mama humpitia kwenye kondo usiku na mchana. Kitovu kikifungwa, inakatika papo hapo. Sukari ya mtoto hushuka hadi chini kabisa baina ya saa ya kwanza na ya pili, na kwa mtoto mwenye afya yaweza kukaribia milimoli 1.7 kwa lita. (Kipimo kikisoma miligramu, gawanya kwa 18.) Halafu ini huanza kuachia akiba lililoiweka wiki za mwisho za mimba, na namba hupanda tena ndani ya saa chache. Kufikia siku ya tatu huwa inakaribia ya mtu mzima.

Ile 2.6 inayotajwa sana ni mstari wa tahadhari, na wataalamu wenyewe bado wanaubishania. Tunaowapima kwa ratiba ni njiti, wadogo au wakubwa kupita kiasi, wagonjwa, na watoto wa mama wenye kisukari. Hata hapo, vipimo vya nyumbani hubabaisha namba zikiwa chini, na damu ya kichanga ni nzito. Maabara ndiyo huamua. Na kisigino, ambapo damu hutolewa, kikishikwa kwa kidole chenye tende, namba hupanda kwa uongo.

Tahniki, yaani kumlambisha kichanga kitu kitamu, sina ugomvi nayo: tende kidogo, mikono safi. Asali ingojee mwaka mmoja, maana yaweza kubeba vijidudu vyenye sumu ya kulegeza misuli. Kinachonikera ni maji ya sukari. Mtoto hushiba, akalala, dang'a, yale maziwa ya kwanza, ikabaki kifuani kwa mama. Mwekeni kifuani, ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza, kisha mara nane au zaidi kwa siku.

Akilegea, akikataa titi, mwili ukiwa wa baridi, au akitetemeka hata ukimshika mkono, mwiteni mkunga hapo hapo, kipimo kiseme kitakavyo.