Mawakala wa programu hawarushi makombora

Wengi wakisikia kwamba mawakala wa programu, yaani programu za kompyuta zinazoigiza maamuzi ya watu, hutumika kuiga kamandi ya ulinzi dhidi ya makombora, hudhani kompyuta imekabidhiwa kitufe cha kurusha. Sivyo. Kila wakala hushika nafasi ya mtu mmoja: msomaji wa rada, kamanda wa kikosi, ofisa wa makao makuu. Huwekewa taarifa anazopata, sekunde anazohitaji kuamua, na mipaka ya mamlaka yake. Ujumbe ukianza kupita, mtafiti hupima foleni inajaa wapi na nani anangoja idhini ya nani.

Kosa kubwa ni kuwapa wote picha moja na mawasiliano yasiyokatika. Machi 2003, karibu na mpaka wa Iraq na Kuwait, kikosi cha Marekani cha Patriot, mfumo wa makombora ya ulinzi wa anga, kiliangusha ndege ya Tornado ya Uingereza. Wote wawili waliokuwamo walikufa. Uchunguzi wa Uingereza ulieleza kuwa askari walikuwa na takriban dakika moja kuamua, na kikosi hakikuwa na vifaa vyake kamili vya mawasiliano. Modeli isiyokata mawasiliano makusudi, wala kumpa wakala shabaha iliyotambuliwa vibaya, haitaionyesha kamwe ajali kama hiyo.