Gari la Zamani, Muziki Mpya: Anza na Milango, Redio Baadaye

Wenye magari ya zamani wanaotaka sauti bora huwa na swali moja: ninunue redio gani? Kazi yangu ni umeme na sauti za magari, na kabla ya kujibu huwa naomba tufungue kava la mlango tuangalie spika. Msimamo wangu ni huu: bajeti ikiwa ndogo, iende kwanza kwenye spika na mlango unaozibeba, halafu kwenye amplifaya ndogo. Redio isubiri. Watu wengi huanzia redio kwa sababu ndiyo wanayoiona na kuishika, kisha wanashangaa kwamba taa zimebadilika rangi lakini sauti ni ileile.

Spika nyingi za kiwandani za miaka ya 1980 na 1990 zina koni ya karatasi, na ukingo wake umeshikwa na duara la sponji. Sponji hiyo huoza hata gari likikaa bila kutembea. Joto, unyevu na hewa huila polepole, mpaka ukiigusa kwa kidole inabaki vumbi. Ikishachanika, koni inayumba, besi inapotea, na koili inaweza kuanza kukwaruza ndani ya sumaku. Mwenye gari anasikia mikwaruzo na kuilaumu redio, wakati redio inafanya kazi yake vizuri.

Tuzungumzie wati, maana hapa watu huumia sana. Boksi la redio limeandikwa "50W x 4". Injini ikiwaka, altaneta hutoa takriban volti 14.4, na redio ya kawaida haina kifaa cha kupandisha volti hizo. Zipige hesabu. Wimbi safi ambalo kilele chake ni volti 14.4 lina thamani ya RMS (volti zinazofanya kazi hasa) ya volti 10.2. Zidisha 10.2 kwa 10.2, gawanya kwa ohm 4 za spika, unapata wati 26, tena kwa saketi isiyopoteza chochote, na saketi ya namna hiyo haipo. Kwa sauti safi, tarajia wati 15 hadi 20 kwa kila spika. Sasa 50 inatoka wapi? Chukua 14.4 mara 14.4, gawanya kwa 4: takriban 52. Hizo ni wati za wimbi lililokatwa juu na chini mpaka likawa mraba, na kwa sikio lako huo ni mkoromo. Ndiyo maana kuhama kutoka redio nzuri ya mwishoni mwa miaka ya 1990 kwenda redio mpya ya kioo kikubwa kunaongeza Bluetooth na ramani, ila nguvu ni karibu ileile. Redio za zamani zaidi ni habari nyingine: nyingi zilitumia nusu tu ya volti hizo kwa kila spika, kwa hiyo zilitoa kama wati 5 au 6, na hapo mabadiliko utayasikia kweli.

Mlango ndio boksi la spika

Koni ikisukuma hewa mbele, wakati huohuo inaivuta nyuma. Sauti ya nyuma ni kinyume cha sauti ya mbele, na zikikutana zinauana. Kwa sauti nyembamba hilo si tatizo kubwa, lakini wimbi la hezi 80 lina urefu wa zaidi ya mita 4, kwa hiyo linazunguka kirahisi kupitia tundu lolote lililo jirani. Mlango wa gari umejaa matundu ya aina hiyo: ya kitasa, ya mashine ya kioo, ya nyaya, na yale makubwa ambayo kiwanda kiliyafunika kwa karatasi ya nailoni tu. Unaweza kufunga spika ghali kiasi gani, lakini ikiwa hewa ya nyuma inavuja kuja mbele, besi hutaipata.

Kwa hiyo hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi. Natoa kava, nasafisha bati kwa spiriti, nabandika shiti ya butili (mpira mzito unaonata) kwenye bati la nje nyuma ya spika ili lisitetemeke, kisha naziba matundu makubwa ya bati la ndani. Spika inakaa juu ya ringi ya plastiki ngumu, na kati ya ringi na bati naweka mkanda wa povu lisilonyonya maji. Mkanda mwingine unazunguka uso wa spika ili ubanane na kava, sauti iingie ndani ya gari badala ya kupotelea nyuma ya plastiki. Ringi za mbao zilizoshindiliwa kutoka kwenye vumbi la mbao zinavimba zikipata maji, na mlango hupata maji: mvua inapita kando ya kioo, inashuka ndani na kutokea chini. Matundu ya kutolea maji kwenye kingo ya chini usiyazibe kamwe, vinginevyo mlango utaoza. Ile nailoni nayo irudishe au weka kitu kingine kitakachozuia maji kufika kwenye kava.

Kabla ya kununua spika, pima. Shusha kioo mpaka mwisho, kisha pima kina kutoka usawa wa bati hadi kwenye kioo, kwa sababu spika nyingi za inchi 6.5 zina sumaku ndefu kuliko nafasi iliyopo. Angalia pia ukinzani. Spika ya ohm 4 ukiipima kwa mita itasoma kama 3.2 hadi 3.6, hiyo ni kawaida. Ukisoma chini ya 2, huenda gari lilitoka na mfumo wa kifahari wenye amplifaya yake, na spika hizo usiziunganishe moja kwa moja kwenye redio mpya. Redio nyingi zinahitaji spika ya angalau ohm 4.

Chanya na hasi zisichanganywe. Spika moja ikigeuzwa, koni za kushoto na kulia zinasukumana kinyume na besi inatoweka katikati ya gari. Kama nyaya hazina alama, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye ncha za spika kwa sekunde moja. Koni ikitoka nje, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya ya spika.

Nyaya za redio

Kwanza hakikisha unayo namba ya siri ya redio ikiwa redio ni ya aina hiyo, halafu toa waya hasi wa betri. Kwenye gari lenye mifuko ya hewa subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa dashibodi, na plagi za rangi ya njano zilizo chini ya usukani usiziguse wala kuzipima.

Plagi ya kiwandani usiikate. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu magari mengi yanayofika mezani kwangu yamekwisha kukatwa, nyaya zimeungwa kwa kusokotwa na kufungwa selotepu, na kila fundi aliyepita ameacha rangi zake. Adapta ya nyaya ni kitu kidogo na inaliacha gari lilivyo. Maungio yenu yafanyike upande wa adapta, kwa kulehemu kwa risasi au kwa kubana kwa koleo sahihi, mezani penye mwanga.

Rangi za redio nyingi za kununua zinafanana. Njano ni umeme wa kudumu unaotunza saa na stesheni, nyekundu ni umeme wa swichi ya gari, nyeusi ni ethi (waya hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari), bluu ni antena, bluu yenye mstari mweupe inaiamsha amplifaya. Nyeupe ni spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Yenye mstari mweusi ni hasi. Rangi za upande wa gari hazifuati utaratibu huo, kwa hiyo pima kwa mita. Katika magari kadhaa ya Ulaya, njano na nyekundu zimebadilishana nafasi kwenye plagi ya ISO (plagi sanifu ya redio). Dalili yake ni redio inayosahau stesheni kila ukizima gari. Dawa ni kuzipishanisha. Kuziunga pamoja kunaweza kuiacha redio ikila betri usiku kucha.

Kwenye magari ya zamani zaidi kuna mtego mkubwa. Redio nyingi za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 zilitumia waya mmoja wa hasi kwa spika mbili, au zilifunga hasi ya spika kwenye bodi ya gari. Redio ya leo haikubali hivyo. Waya wake hasi wa spika si ethi. Una karibu nusu ya volti za betri, na ukiugusisha kwenye bati au ukiziunga hasi mbili, chipu ya sauti inaweza kuungua. Vuta nyaya mpya, jozi moja kwa kila spika. Na kama gari ni la miaka ya 1960 kurudi nyuma, pima kabla ya yote: baadhi yana umeme wa volti 6, na magari kadhaa ya Uingereza ya wakati huo yana chanya kwenye bodi.

Nafasi ya dashibodi ina vipimo vyake: tundu la kawaida ni milimita 180 kwa 50, la maradufu ni 180 kwa 100. Toyota nyingi zina tundu la upana wa milimita 200, kwa hiyo redio ya 180 inahitaji vipande vya pembeni.

Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina jambo lake. FM ya kule ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati sehemu kubwa ya dunia hutumia 87.5 hadi 108. Kuna kifaa cha kusogeza masafa kinachochomekwa kwenye waya wa antena, lakini hakiwezi kuibana bendi yote ndani ya nafasi ya megahezi 14, na namba unazoziona si za kweli. Kwa gari kama hilo, hapo kubadilisha redio nakuunga mkono.

Redio mpya ikikamata stesheni vibaya kuliko ya zamani, angalia antena kabla ya kuirudisha dukani. Antena iliyochorwa kwenye kioo cha nyuma mara nyingi ina kikuzaji kidogo kinachohitaji volti 12 kutoka kwenye waya wa bluu, na waya huo husahaulika.

Wapo wanaotaka sura ya dashibodi ibaki ya asili, na mimi ni mmoja wao. Gari la 1985 lenye redio yake ya vitufe vya kubonyeza lina heshima ambayo kioo cha kung'aa hakiipi. Acha redio palepale, ficha amplifaya ndogo chini ya kiti, na chagua yenye ingizo la kiwango cha spika ili ichukue sauti moja kwa moja kutoka nyaya za redio ya kiwandani. Kipokezi cha Bluetooth kinaweza kuingia humohumo kwenye amplifaya zenye ingizo la pili.

Amplifaya

Altaneta nyingi za magari madogo ya zamani ni za ampea 40 hadi 60, na taa, feni na waipa tayari zina sehemu yao. Kwa hiyo napendekeza amplifaya ya daraja D, isiyopoteza umeme mwingi kwa joto. Wati 50 mara 4 ni 200. Kwa ufanisi wa asilimia 80 itavuta wati 250, yaani ampea kama 18 kwa volti 13.8. Waya wa shaba wa milimita 8 za mraba unatosha, na fyuzi ya ampea 25 ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi hiyo inaulinda waya: waya ukichunika mahali na kugusa bodi bila fyuzi jirani na betri, gari linawaka moto. Kuwa mwangalifu na nyaya za alumini zilizopakwa shaba, kwa sababu alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba.

Ethi iwe fupi, chini ya nusu mita, kwenye bati lililokwanguliwa rangi na kutu mpaka linang'aa. Bolti ya mkanda wa usalama usiitumie kufungia ethi. Sauti ya mluzi inayopanda injini inapoongeza kasi mara nyingi inatokana na ethi mbovu, au nyaya za RCA (zinazopeleka sauti ya redio kwenye amplifaya) zilizolazwa sambamba na waya wa umeme. Zipitishe pande tofauti za gari.

Kwenye spika za milango weka krosova (kichujio cha masafa ya sauti) ikate kila kitu chini ya hezi 80, na kama kuna sabufa, ibebe kilichobaki chini.

Kidude cha "gain" kinalinganisha nguvu ya redio na ya amplifaya, hakikuwekwa kiwe volyumu ya pili. Chomoa spika, weka toni zote za redio katikati, cheza mlio wa majaribio wa hezi 400, pandisha volyumu hadi robo tatu. Mita iwe kwenye volti za AC. Kwa wati 50 kwenye ohm 4 unatafuta kipeuo cha pili cha 200 (50 mara 4), yaani volti 14.1. Pandisha taratibu ufike hapo, acha. Nimechagua hezi 400 kwa kuwa mita nyingi za bei nafuu hazisomi AC vizuri kwenye masafa ya juu.

Kisha zima gari, funga milango, subiri nusu saa, na pima mkondo unaotoka kwenye betri kwa kuiweka mita kati ya nguzo hasi na waya wake. Usiwashe gari mita ikiwa hapo. Chini ya miliampea 50 ni sawa. Ikizidi, chomoa fyuzi ya amplifaya. Namba ikishuka ghafla, huenda waya wa bluu wenye mstari mweupe umeungwa kwenye umeme wa kudumu mahali fulani. Isiposhuka, chomoa ya redio na urudie.