Kuoza kwa mwamba: jangwani na Mwanza

Mgeni akishuka kwenye kivuko cha Kamanga upande wa Mwanza mjini na kuliona jiwe la Bismarck limesimama kwenye maji ya Ziwa Victoria, mara nyingi atasema mawimbi na upepo ndivyo vilivyolichonga. Hapo amechanganya mambo mawili. Kuoza kwa mwamba ni jiwe kubadilika na kulegea likiwa palepale lilipo. Mmomonyoko ni kile kilicholegea kubebwa na maji, upepo au barafu kupelekwa kwingine.

Jangwani upepo hupewa sifa zote. Huko kuna migongo ya ardhi iitwayo yadangi, mirefu na myembamba, yote imelala kufuata uelekeo wa upepo. Jina hilo lilienezwa mwanzoni mwa karne ya 20 na msafiri wa Sweden, Sven Hedin, aliyeiona kwenye matope makavu ya ziwa la zamani la Lop Nur, magharibi mwa China. Upepo huchonga kweli, kwa kurusha mchanga. Lakini chembe za mchanga huruka chini chini, nyingi hazivuki mita moja kutoka ardhini. Juu ya hapo jiwe linalegezwa na nini?

Mara nyingi ni chumvi. Umande wa usiku huiyeyusha, ikapenya kwenye vitundu vya jiwe. Jua likiwaka maji hukauka, fuwele za chumvi zikakua na kusukuma kuta za vitundu mpaka chembe ziachie. Upepo unakuja baadaye kuzoa. Kuna pia mawe ya jangwani yaliyovaa ngozi nyeusi yenye metali za chuma na manganizi, nyembamba kuliko milimita moja. Sehemu kubwa ya manganizi hiyo haitoki kwenye jiwe lenyewe, bali huletwa na vumbi.

Kwetu Mwanza kazi ya kulegeza mwamba inafanywa na mvua, inayofika karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Mwamba wetu, granaiti, una umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na umeundwa hasa na madini matatu: feldispa, kwazi na maika. Maji ya mvua yakipita hewani, na zaidi yakipita udongoni, hubeba hewa ukaa na kuwa tindikali hafifu. Feldispa haiivumilii: hugeuka kaolini, udongo laini mweupe, huku potasiamu, sodiamu na sehemu ya silika zikiyeyuka na kwenda na maji. Maika nyeusi huachia chuma, nacho kikishika kutu hutia udongo rangi ya njano au nyekundu. Kwazi ni sugu, hubaki kuwa mchanga.

Na ule uviringo wa mawe ya Mwanza? Ulianza chini ya ardhi, mbali na upepo na mawimbi. Granaiti ina nyufa zilizokatizana, zikaigawa vipande vyenye pembe. Maji yakipita kwenye nyufa hizo, uso wa kipande hushambuliwa kutoka upande mmoja, ukingo kutoka pande mbili, pembe kutoka pande tatu. Kwa hiyo pembe huisha kwanza, ikabaki kiini cha mviringo kilichozungukwa na granaiti iliyooza. Mvua za maelfu ya miaka zilipoosha ule uozo, viini vilishukiana na kukaa kimoja juu ya kingine, kama tunavyoviona Capri Point.

Fundi anayechimba msingi kwenye vilima vya Mabatini hukutana na hatua zote pamoja: sururu inazama kwenye changarawe ya njano, yaani granaiti iliyooza, sentimita chache pembeni inagonga jiwe zima na kurudi. Changarawe hiyo ndiyo iliyoshikilia baadhi ya mawe makubwa mlimani. Miti ikikatwa na maji ya mvua yakaachwa yajichimbie njia chini ya jiwe, hutoka hiyo changarawe kwanza, na jiwe linabaki bila egemeo.