Poti tatu sio skrini tatu

Nimeona tena mtu ameandika "hii kompyuta ina poti tatu za video kwahiyo inasapoti skrini tatu", na chini yake watu wanamuunga mkono tu, haya ngoja tuongee.

Kwa haraka: kompyuta nyingi ndogo za mezani hazina kadi ya grafiki ya peke yake, GPU (sehemu inayoshughulikia picha) imo humohumo kwenye prosesa na inakula RAM ileile ya mashine. Ndo grafiki za ndani hizo, hapo hatugombani.

Tunapogombana ni hapa, kwamba ndani ya hiyo GPU kuna kazi mbili tofauti na watu wanazichanganya kila siku. Kuna sehemu inayochora, hii ndo inayotoka jasho kwenye gemu na 3D. Alafu kuna sehemu inayochukua picha ikishachorwa na kuisukuma kwenye monita mara 60 kwa sekunde (ndo hiyo 60Hz) au zaidi, na hii ya pili ina njia za kuhesabika zilizojengwa kwenye chipu yenyewe, kila njia inalisha picha moja. Intel Core za kizazi cha pili (2011) zilikuwa na njia mbili, kizazi cha tatu (2012) zikawa tatu. Poti ni mlango tu wa kutokea.

Chukua Mac mini ya 2020, kompyuta ndogo ya Apple yenye chipu ya M1. Ina Thunderbolt mbili (zile zenye umbo la USB-C) na HDMI moja, poti tatu hizo, lakini skrini ni mbili basi. Na sio kwamba chipu ni dhaifu, ile inaedit video za 4K vizuri tu, ni njia zimeisha. Mac mini ya M4 ya 2024 ndo inafika tatu.

"Si naweka spilita?" Spilita ya HDMI inarudia picha ileile kwenye monita zote, hujaongeza kitu. Adapta za DisplayLink zenyewe zinafanya kazi kweli ila kwa kuzunguka mlango wa nyuma: programu inabana picha, inaipitisha kwenye USB kama data nyingine, na prosesa ndo inabeba mzigo. Kwa kusoma email poa, kwa gemu sahau.

Na hili la "inasapoti 4K" bila kutaja Hz linanikera zaidi. HDMI toleo la 1.4 inatoa 4K kwa 30Hz, hapo hata mshale wa mausi unaburuza, na mtu anahukumu kwamba GPU ni mbovu wakati GPU haina kosa lolote. Kwa HDMI, 4K ya 60Hz imekuja na toleo la 2.0 mwaka 2013, na adapta ya zamani katikati ikikurudisha 30 utalaumu mashine bure. USB-C nayo usiiamini kwa umbo, zipo zinazopitisha data na chaji tu, video hakuna.

Kwahiyo kabla ya kusema inasapoti ngapi, acha kuhesabu matundu kwenye picha ya nyuma ya mashine, tafuta jina la prosesa usome idadi ya skrini inazoruhusu. Alafu ukikuta nne usishangilie bado, cheki na mtengenezaji wa hiyo mashine ametoa njia ngapi mpaka nje, maana nyingine zinaishia humohumo ndani.