Mahali palipoandikwa ndani ya picha ni mahali pa simu

Volkano ya Nyiragongo ikianza kung'aa usiku, magrupu ya WhatsApp ya Goma hujaa picha. Haipiti muda, mtu anafungua maelezo ya faili na kuandika: "GPS inaonyesha Himbi, si kwenye volkano. Picha ya uongo hii." Himbi ni mtaa wa Goma. Wengine wanaitikia, na aliyepiga picha ya kweli akiwa kwenye ua wa nyumba yake anaitwa mwongo.

Maana ya hiyo GPS ni fupi. Ukiiruhusu kamera ya simu kutumia mahali, huandika latitudo na longitudo ndani ya faili la picha, pamoja na tarehe, aina ya simu na mara nyingi mwinuko. Maandishi hayo hukaa katika sehemu inayoitwa Exif, utaratibu uliotoka Japani mwaka 1995. Hayahitaji mega, yaani data ya intaneti. Simu inapokea mawimbi ya satelaiti za GPS zilizo kama kilomita 20,200 juu yetu, na haizijibu. Kwa hiyo kusema kwamba picha "inatuma" mahali ulipo nako si sawa: imeandikiwa tu, na maandishi yanaenda pale faili linapopelekwa.

Linalosumbua ni hili: namba hizo zinasema simu ilikuwa wapi. Hazijui lensi ilitazama nini. Kutoka Himbi mpaka kwenye kreta ni zaidi ya kilomita 15, na mlima unaonekana vizuri kabisa. Picha itaandikwa mwinuko wa karibu mita 1,500, ambao ni wa mji, ingawa kilele kilichomo ndani yake kina mita 3,470. Hakuna kinachopingana hapo. Simu nyingine huongeza upande zilikoelekea, kwa nyuzi za dira, na kwa picha ya mlima hilo ndilo lenye faida kuliko yote. Lakini ni wachache wanaolitafuta.

Pia jina la mtaa si lazima liwe limeandikwa na kamera. Mara nyingi kamera huweka namba tu, kisha programu ya picha huchukua jina la karibu kwenye ramani yake. Ndiyo maana picha iliyopigwa Birere, pembeni ya mpaka, inaweza kuonyeshwa na jina la Gisenyi, mji wa upande wa Rwanda, bila mtu yeyote kuvuka. Tazama namba kwanza. Na unapozinakili, usiache herufi S, yaani kusini, kwa sababu Exif huihifadhi mbali na namba. Goma iko kama 1.68 kusini na 29.22 mashariki. Ukiisoma kuwa kaskazini, umeipeleka Ituri, upande wa Mambasa.

Saa nayo huwagombanisha watu. Saa ya GPS huandikwa kwa majira ya ulimwengu, UTC, na Goma iko saa mbili mbele. Picha ya 10:00 asubuhi itakuwa na 08:00 kwenye sehemu ya GPS. Huo si ushahidi wa kuchezewa.

Kuna na wale wanaosema: "Haina GPS, basi imetengenezwa." WhatsApp huondoa maandishi hayo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida, yanabaki ikitumwa kama dokumenti. Picha iliyopita kwenye magrupu matano haitakuwa nayo, hata kama ni ya kweli tupu. Na kuwa nayo hakuthibitishi kila kitu, maana kuna programu za bure za kubadilisha namba hizo.

Basi, ndugu, ukiona "Himbi" kwenye picha ya Nyiragongo, sema: imepigwa kutoka Himbi. Ukitaka kuhakikisha zaidi, mwombe mwenyewe, kwa heshima na faraghani, akutumie faili la asili kama dokumenti, ukijua kwamba anakupa na mlango wa nyumba yake. Usilirushe kwenye grupu.