Nani analipia mti wa mwanagenzi?

Mwezi uliopita, katika banda moja la kuchongea huku Wamunyu, kaunti ya Machakos, kijana wa miaka kumi na tisa alinijia ameshika twiga wa urefu wa mkono. Ufa ulikuwa umeanzia nyuma ya sikio ukashuka shingo nzima hadi begani, juu mwembamba kama uzi, chini unaingiza ukucha. Alikuwa amekaa na mti ule siku tatu. Nilidhani ataniuliza umepasuka kwa nini, maana mimi kazi yangu ni mbao na ukaushaji wake. Badala yake aliuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, nitakatwa malipo?"

Swali hilo limekaa nami. Watu hunipigia kutaka kujua karakana ipi ya kazi za mikono inakisaidia kijiji kweli. Wananitajia idadi ya ajira, wananitajia semina, wananionyesha vyeti vilivyotundikwa ukutani. Mimi huuliza jambo moja tu: mti ukiharibika mikononi mwa anayejifunza, hasara ni ya nani?

Zamani jibu lilikuwa rahisi. Ufundi wa kuchonga Ukambani haukuletwa na chuo. Mutisya Munge, mwana wa Wamunyu, alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akakutana na wachongaji wa huko, na aliporudi nyumbani kazi ile ikapita kwa jamaa zake, kisha kwa majirani, hadi ikawa riziki ya eneo zima. Mtoto alijifunza akiwa ameketi karibu na baba au mjomba. Kwanza alipewa msasa, apige mpaka vidole viote sugu. Baadaye tupa, kisha kisu, na mwisho kabisa tezo, kile kishoka cha kuchongea, kwa sababu tezo ndiyo inayoweza kuondoa sikio la ndovu kwa pigo moja. Akiharibu, kipande kilitupwa motoni na mti mwingine ukakatwa. Miti ilikuwa karibu. Shule ile haikuwa na karo kwa kuwa msitu ndio ulioilipia.

Leo msitu hauko. Mpingo na muhugu, miti iliyojenga jina la vinyago vya Kikamba, ilikatwa haraka kuliko inavyokua. Mpingo unahitaji miongo mingi kufikia unene wa kuchongeka. Sasa gogo linatoka mbali, linalipiwa gari, linalipiwa kibali, na mjomba anayelinunua kwa fedha ya karo ya watoto wake hana moyo wa kumpa mpwa alijaribie mkono. Ndiyo maana utakuta vijana wamepiga msasa miaka mitatu bila kushika tezo. Wengi wanawalaumu kwamba hawana subira. Mimi nimekaa nao mabandani, na ninachokiona ni kwamba hakuna mtu anayeweza kumudu makosa yao.

Vyama vya ushirika vilisaidia sana upande wa soko. Pale Changamwe, Mombasa, ushirika wa wachongaji wa Kikamba umekuwapo tangu 1963. Kila mwanachama ana namba yake, namba inaandikwa kwenye kinyago, na kinyago kikiuzwa chama kinakata sehemu yake, fedha iliyobaki ni ya mwenye namba. Ni utaratibu wa haki na ninauheshimu, kwa kuwa mchongaji anajua kazi yake imeuzwa na kwa bei gani. Ila namba humlipa aliyemaliza kitu kizuri. Mwanagenzi bado hana namba.

Sasa nirudi kwenye ule ufa, kwa sababu humo ndimo fedha nyingi za vijiji vyetu zinamovujia.

Mti mbichi ni mlaini, kisu kinapita kama kwenye muhogo. Asiye na akiba atauchonga ukiwa mbichi, auze Ijumaa. Lakini mti haujamaliza safari yake. Unyevu ukishashuka chini ya asilimia 30 hivi, mti huanza kusinyaa, na hausinyai sawasawa: kuzunguka gogo, kwa kufuata duara zake, husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka ganda kwenda moyoni. Kwa hiyo kinyago kilichobeba moyo wa mti katikati yake kinavutwa pande mbili zisizokubaliana, na mahali fulani lazima kiachie. Shingo ya twiga ndiyo huachia kwanza, kwa kuwa ni nyembamba na inakauka mapema kuliko mwili. Hapa Machakos mti uliokaa vizuri kivulini hutulia kwenye asilimia 12 hivi. Upeleke kwenye nyumba ya Ulaya yenye joto la kuwashwa majira ya baridi, utashuka hadi 8 au chini yake, na kisichopasukia kwetu kitapasukia kule mezani.

Hilo nalijua kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma nilipitisha bakuli za mwembe kwa mnunuzi mmoja wa ng'ambo. Nilikuwa nimepima unyevu kwa nje tu, sikuchoma sindano za kipimo hadi ndani. Baada ya wiki sita picha zikaja, bakuli kwa bakuli, zimefunguka. Mnunuzi alikata fedha zote, na waliokatwa hatimaye walikuwa kina mama waliokuwa wamezipiga msasa na kuzipaka nta, watu ambao hawakugusa gogo hata siku moja. Tangu siku hiyo sipitishi kitu ambacho sijakipima ndani.

Dawa yenyewe si ngumu. Gogo lipasuliwe katikati ya moyo siku linapofika. Ncha zipakwe nta ili maji yasikimbilie kutokea huko. Kinyago kichongwe kwa tezo kikiwa na nyama ya ziada, kifungwe kwenye magazeti, kiwekwe kivulini mbali na upepo, na kisu kipite mara ya pili baada ya kukauka. Ni kazi ya wiki nyingi, na kwa vipande vinene ni miezi. Kinachokosekana si maarifa. Kinachokosekana ni mtu wa kulisha nyumba ya mchongaji wakati mti unakauka.

Hapo ndipo karakana inapoonyesha kama inajenga kijiji. Lile banda la twiga aliyepasuka lina kanuni ambayo ningetamani ienee. Mwanagenzi hulipwa kwa siku, si kwa kipande, muda wote anaojifunza. Anaanzia kwenye mwarobaini na mgrevilea, miti inayokua upesi na ambayo watu wamepanda mashambani mwao, kwa hiyo anapoharibu haharibu mpingo wa mtu. Mkulima jirani naye anauza mti aliokuwa anauona wa kivuli tu. Na mwenye banda ana daftari la makosa: tarehe, aina ya mti, kosa lilikuwa la mkono au la ukaushaji. Nimelisoma daftari hilo, na makosa ya ukaushaji ndiyo yaliyojaza kurasa. Yaani kijana angekatwa kwa kosa la gogo.

Twiga yule alipasuliwa pale pale mbele yetu. Fundi alimwonyesha kijana moyo wa mti ulivyopita katikati ya shingo kama utambi, akamwambia, "Umeona? Hili ni langu, nilikupa gogo baya." Kisha miguu ikawa vishikio vya vijiko vya saladi. Hakukatwa.

Upande wa vyeti nitasema kidogo. Kijana akishamudu msumeno na randa, anaweza kufanya mtihani wa useremala wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu, na cheti hicho kinamfungulia mlango wa ujenzi na fanicha soko la vinyago linapolala. Karakana imlipie ada ya mtihani. Ni fedha ndogo ukilinganisha na bango la semina.

Na kwa wanunuzi mnaonisoma, wa mahoteli ya Pwani na wa nje: kanuni za Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, zinataka mwanachama wake anayenunua kazi za mikono atoe malipo ya awali ya angalau asilimia 50, bila riba, akiombwa. Toeni hata kabla ya kuombwa, kwa kuwa fedha hiyo ndiyo inayokausha mti na kumlipa anayejifunza. Na oda ya Desemba isije Novemba. Ileteni Julai, gogo likiwa bado halijapasuliwa.